Bonge jeupe lisilo pululani: utatuzi wa matatizo katika kuzalisha na kutambua polisakaridi za hamira

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wale wanaokuza hamira ili kupata polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari, hasa pululani inayotolewa na Aureobasidium pullulans, katika maabara ndogo za Mwanza na miji mingine ya kando ya Ziwa Victoria, ambako umeme hukatika, ethanoli hutumiwa kwa kubana, na maelekezo yanayofuatwa mara nyingi yaliandikwa na mtu aliyefanya kazi karibu na usawa wa bahari. Kwa istilahi kamili Aureobasidium ni kuvu inayofanana na hamira: katika hatua moja ya maisha yake huchipua kama hamira, katika hatua nyingine hutoa nyuzi, na wengi huiita hamira nyeusi kwa sababu ya rangi inayoitoa ikizeeka. Pululani yenyewe ni mnyororo wa glukosi, ambamo vipande vya maltotriosi, yaani glukosi tatu zilizoshikana kwa viungo vya alfa-1,4, vimefungwa kimoja kwa kingine kwa viungo vya alfa-1,6. Ilianza kuzalishwa kibiashara nchini Japani na kampuni ya Hayashibara mwaka 1976, kwa hiyo kazi yenyewe inawezekana. Kinachotushinda ni mambo madogo.

Nitachukulia kwamba msomaji anatumia mchuzi wa kawaida wa kazi hii, ambao kwa kila lita una gramu 50 za sukrosi, gramu 5 za dipotasiamu fosfeti, gramu 1 ya chumvi ya kawaida, gramu 0.6 za salfeti ya amonia, gramu 0.2 za salfeti ya magnesi na gramu 0.4 za dondoo la hamira, pH ikiwa 6.5 mwanzoni, joto nyuzi 28 za Selsiasi, na chupa zikitikiswa mizunguko 150 hadi 200 kwa dakika kwa siku nne hadi saba.

Kabla ya dalili yoyote, ninaomba jambo moja. Katika kila kundi la chupa, iwepo chupa moja yenye mchuzi uleule ambayo haikupandwa hamira, ikatikiswa pamoja na nyingine, ikapashwa moto, ikamwagiwa ethanoli, ikakaushwa na kupimwa uzito kama zilivyofanyiwa nyingine. Mimi huiita chupa shahidi. Zaidi ya nusu ya malalamiko ninayoletewa huisha mtu anapoulizwa shahidi wake amesema nini.

Unga mweupe ni mwingi kuliko ulivyotarajiwa

Ninaanza na dalili hii kwa sababu ndiyo pekee ambayo hakuna anayeilalamikia. Kijana mmoja wa shahada ya pili aliwahi kuniletea kifuko cha unga akasema, "Shikamoo mwalimu, safari hii hamira imenipa gramu 12 kwa lita." Nilipoitikia na kumwuliza shahidi ametoa kiasi gani, alikaa kimya kidogo, kisha akasema hakuona sababu ya kupoteza ethanoli kwa chupa isiyo na kitu. Alirudi kuifanya wiki iliyofuata, na chupa isiyo na kitu ikampa gramu 4.

Sababu ni kwamba chumvi za mchuzi, hasa za fosfeti na salfeti, haziyeyuki vizuri katika ethanoli. Unapomwaga ujazo mbili za ethanoli juu ya ujazo mmoja wa mchuzi, pululani hushuka, lakini na sehemu kubwa ya chumvi hizo hushuka nayo, na ukikausha vyote pamoja mizani haina njia ya kutofautisha. Dondoo la hamira nalo lina manani, yaani polisakaridi ya sukari ya manosi, na protini zake ambazo pia hushuka. Juu ya hayo, sukrosi ambayo haikuliwa, ijapokuwa yenyewe hubaki imeyeyuka katika ethanoli ya kiwango hicho, hunaswa ndani ya bonge kama maji ndani ya sifongo na kukauka humo.

Macho yanaweza kuanza kazi ya kutofautisha kabla ya kifaa chochote. Pululani nzuri hushuka kama nyuzinyuzi nyeupe zinazoshikamana, kiasi kwamba ukikoroga taratibu kwa fimbo ya kioo zinajizungusha juu yake na unaweza kuziinua zote kwa mkupuo mmoja. Chumvi hushuka kama mchanga mwepesi unaotulia chini ya chupa. Protini huelea kama madoa yenye rangi ya kijivu yasiyotaka kushikana. Baada ya hapo, chukua kiasi kidogo cha unga mkavu ukichome kwenye kikombe cha kauri hadi kiwe majivu: polisakaridi huvimba, huwa nyeusi, hutoa harufu ya sukari inayoungua na mwisho haiachi takriban chochote, ilhali chumvi hubaki nyeupe palepale. Unga unaoacha sehemu ya tano ya uzito wake kama majivu haustahili kuitwa pululani katika ripoti.

Tiba ni kuliyeyusha bonge tena katika maji, kulishusha mara ya pili kwa ethanoli, na kisha kuliweka katika mfuko wa dayalisisi, unaopitisha chembe ndogo na kuzuia kubwa, wenye kikomo cha daltoni 12,000 hadi 14,000 kwa saa 48, maji yakibadilishwa mara tatu au nne. Dayalisisi hii ifanyike ndani ya jokofu. Nimeona mifuko iliyoachwa juu ya meza kwa siku mbili katika joto la Mwanza ikitoa harufu, na bakteria waliokuwa humo ndani walikuwa wamekwisha kula sehemu ya kile kilichokuwa kinasafishwa.

Wanaotumia wanga wa muhogo badala ya sukrosi wana mtego wa ziada. Wanga na dekstrini (vipande vya wanga uliokatika) ambazo hazikuliwa hushuka kwa ethanoli kwa namna inayofanana mno na pululani. Tone la ayodini litaonyesha wanga kwa rangi ya buluu na dekstrini ndefu kwa rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, na pululani haitatoa rangi yoyote. Lakini dekstrini fupi nazo hazitoi rangi, kwa hiyo kukosa rangi si ushahidi uliokamilika. Ushahidi unaokubalika ni wa kimeng'enya. Pululanasi hukata viungo vya alfa-1,6, na pululani ikikatwa hivyo hugeuka karibu yote kuwa maltotriosi, ambayo huonekana kama doa moja kubwa katika kromatografia ya safu nyembamba pembeni ya maltotriosi ya ulinganisho. Kama doa lako limetawanyika kuwa glukosi, maltosi na mengine mengi, ulichonacho kina kitu kingine ndani yake.

Ethanoli inamwagwa na hakuna kinachoshuka

Uliza kwanza ethanoli ni ya asilimia ngapi. Spiriti inayouzwa katika maduka mengi ya dawa ni ya asilimia 70, na ujazo mbili za spiriti hiyo juu ya ujazo mmoja wa mchuzi hukupa mchanganyiko wa asilimia 47 hivi, wakati ujazo mbili za ethanoli ya asilimia 95 hukupa asilimia 63. Tofauti hiyo yatosha kabisa kuiacha pululani ikiwa imeyeyuka. Kama hakuna ethanoli kali, ongeza ujazo hadi hesabu ifike asilimia 60 na zaidi, ukijua kwamba kwa spiriti ya asilimia 70 utahitaji ujazo sita kwa mmoja, gharama ambayo kwa kawaida humrudisha mtu kutafuta ile kali. Spiriti yenye rangi isitumike, kwa kuwa rangi hunaswa katika bonge. Chupa ikae usiku mzima kwenye jokofu kabla ya kuamua kwamba hakuna kitu.

Ikiwa ethanoli ni sahihi na bado hakuna kitu, basi hamira kweli haikutengeneza, na hapo ndipo tunapoingia katika kuikuza.

Kosa ninaloliona zaidi ni wema uliozidi. Mtu anaona seli ni chache, anaongeza peptoni au dondoo la hamira, seli zinakuwa nyingi na pululani inatoweka. Aureobasidium hutengeneza pululani kwa wingi pale nitrojeni inapokwisha huku sukari ikiwa bado ipo. Amonia ikiendelea kuwepo, sukari huenda kwenye kujenga seli. Ndiyo maana mchuzi una gramu 50 za sukari dhidi ya gramu 0.6 tu za salfeti ya amonia. Molasesi ya miwa, ambayo upande wetu huu wa ziwa haipatikani kwa shida, ina sukari ya kutosha, lakini huja na nitrojeni, chumvi, metali na rangi yake yenyewe, hivyo anayeitumia asinakili kiasi cha amonia kutoka kwenye mchuzi wa sukrosi bila kwanza kujaribu viwango vitatu au vinne vya chini.

Sababu ya pili ni hewa. Chupa ya mililita 250 isibebe zaidi ya mililita 50 za mchuzi, na kizibo cha pamba kikilowa kibadilishwe, maana pamba iliyolowa hairuhusu oksijeni kupita. Mchuzi unavyozidi kuwa mzito ndivyo oksijeni inavyopata taabu kuingia, kwa hiyo umeme ukikatika siku ya nne, mashine ya kutikisa ikasimama kwa saa tano, madhara ni makubwa kuliko ukikatika siku ya kwanza. Hatuna namna ya kuuzuia. Namna iliyopo ni kuandika katika daftari saa umeme ulipoondoka na uliporudi, na kutolinganisha chupa za wiki iliyokatika umeme na chupa za wiki nyingine kana kwamba tofauti imeletwa na kile ulichokuwa unakichunguza. Nimesoma ripoti ambamo aina mbili za sukari zilishindanishwa, moja ikiwa imekuzwa katika wiki ya giza.

Kuhusu joto, hali ya hewa yetu ni rafiki wa kazi hii, lakini joto la chumba si nyuzi 28 usiku na mchana. Usiku wa mwezi wa saba hushuka chini ya nyuzi 20, na chupa iliyokaa mezani itachelewa siku moja au mbili. Anayevuna siku ya tano kwa sababu kitabu kimesema siku ya tano atakuwa amevuna mapema. Kipimajoto cha bei nafuu kiachwe kando ya chupa.

Kuna pia mbegu yenyewe, yaani hamira unayoipanda katika mchuzi. Aureobasidium iliyohamishwa kutoka mrija hadi mrija kwa miaka hupoteza uwezo wake kidogo kidogo. Wataalamu wamebishana muda mrefu kuhusu umbo lipi la seli linalotoa pululani zaidi, na sitaingia katika ubishi huo. Ninachosisitiza ni kuangalia mbegu kwa hadubini kila unapoanza, mbegu iwe ya saa 24 hadi 48, na umbo unaloliona lifanane na lile la kazi yako iliyofanikiwa.

Mchuzi umekuwa mzito mapema mno, au umebadilika harufu

Mchuzi unaovutika kama mlenda kufikia saa 30 humfurahisha mtu, nao mara nyingi ni kazi ya mgeni. Leuconostoc mesenteroides hugeuza sukrosi kuwa dekstrani, na aina kadhaa za Bacillus huigeuza kuwa levani, zote zikiwa ni polisakaridi zinazonata na kushuka kwa ethanoli. Tone moja chini ya hadubini litaonyesha bakteria. Levani hutengenezwa kwa fruktosi, kwa hiyo kipimo cha resorsinoli katika asidi kikitoa wekundu mkali kwenye bonge lililokwisha kusafishwa kwa dayalisisi, hiyo si pululani. Hamira nyeusi ikisitawi hushusha pH hadi 3.5 hivi na bakteria wengi hushindwa, jambo lenye maana kwamba uchafuzi unaokusumbua uliingia mwanzoni kabisa, ama katika mbegu ama katika mchuzi ambao haukuiva katika otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye kanieneo. Udaga, yaani muhogo uliochachushwa na kukaushwa, ukitumika kama chanzo cha wanga uhesabiwe kuwa umebeba kuvu zake zilizouchachusha, na usafishwe kwa joto ukiwa umekorogwa ukalainika, usiwe na madonge.

Hapa kuna jambo ambalo maelekezo ya kigeni hayakwambii. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yetu ni kilopaskali 88 hivi badala ya 101. Geji ya otoklevu hupima ziada juu ya hewa ya nje, si kanieneo nzima. Geji ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba, sawa na kilopaskali 103, ndani ya chombo kuna jumla ya kilopaskali 191, na mvuke wa kanieneo hiyo una nyuzi 119 hivi, si 121. Nyuzi mbili zaonekana ndogo, lakini kasi ya kuua mbegu sugu za bakteria hupungua kiasi kwamba dakika 15 za maelekezo hudai dakika 24 au 25 kwetu. Anayetaka nyuzi 121 kamili afikishe geji pauni 17, ikiwa tu mtengenezaji wa chombo ameruhusu kiwango hicho. Na katika hali zote hewa itolewe kwanza hadi mvuke utoke mfululizo, kwa sababu geji husoma hewa iliyobaki ndani kama inavyosoma mvuke.

Mchuzi ukitoka kwenye otoklevu ukiwa na ukungu mweupe kabla ya kupandwa, si uchafuzi: magnesi, amonia na fosfeti zimeungana kwa joto. Salfeti ya magnesi ichemshwe peke yake na kuongezwa baadaye. Sukari nayo itengwe, la sivyo itapata rangi ya kahawia ikichemka pamoja na amonia na dondoo la hamira.

Bonge ni jeusi au la kijani kibichi kilichofifia

Tazama shahidi. Akiwa naye ni wa kahawia, rangi imetokana na kuchemsha sukari pamoja na nitrojeni. Akiwa mweupe, ni melanini ya hamira yenyewe, ambayo huongezeka seli zinapozeeka na kuwa na kuta nene. Dawa bora ni kuvuna siku moja mapema na kuchagua kundi la seli linalochelewa kuwa jeusi kwenye sahani. Mkaa ulioamilishwa husaidia, kwa kiasi kidogo, maana hushika na polisakaridi pia. Wapo wanaotumia haidrojeni peroksaidi. Hupata unga mweupe wa kupendeza ambao minyororo yake imekatwakatwa, na baadaye hushangaa kwa nini hauna mnato.

Seli hazitulii chini

Mchuzi mzito huzizuia seli kushuka. Uzimue kwa maji ujazo kwa ujazo, upashe moto nyuzi 80 kwa dakika 20 ili kuua seli na kuzima vimeng'enya, kisha uingize kwenye sentrifuji. Maelekezo yakitaka mara 10,000 ya mvutano wa dunia, usisome mizunguko. Sentrifuji ya meza yenye mkono wa sentimita 10 ikizunguka mara 4,000 kwa dakika hutoa mara 1,800 tu, na kufikia 10,000 kungehitaji mizunguko karibu 9,500. Kama huna mashine hiyo, zimua zaidi na uzungushe kwa saa nzima, na ukubali kwamba ethanoli itakayohitajika imeongezeka. Seli zilizobaki huleta protini, na protini huonekana baadaye kama tatizo la usafi wakati lilikuwa tatizo la kutenganisha.

Vipimo viwili vya sukari havikubaliani

Kipimo cha fenoli na asidi ya salfuriki, kinachotumika tangu mwaka 1956, ni rahisi na hakina ubaguzi, na huo ndio udhaifu wake: husoma sukrosi iliyobaki, nyuzi za karatasi ya kuchujia, vumbi la pamba, hata seluloosi inayobanduka kwenye mfuko wa dayalisisi. Sampuli tupu ipitishwe katika karatasi na mfuko uleule. Asidi imwagwe kwa kasi na kwa mkono usiobadilika moja kwa moja juu ya kimiminika, kwa kuwa joto la kuchanganyika ndilo linaloendesha rangi. Anayedondosha taratibu ukutani mwa mrija hupata rangi hafifu. Fenoli iliyogeuka waridi itupwe kama taka ya kemikali. Miwani na glavu havina mjadala hapa: fenoli huunguza ngozi huku ikiifanya isihisi maumivu.

Makosa mawili ya hesabu hujirudia. La kwanza ni kusahau kwamba glukosi iliyo ndani ya mnyororo imepoteza maji, hivyo jibu lililosomwa kwa ulinganisho wa glukosi lizidishwe kwa 0.9 ili kupata uzito wa polisakaridi. La pili ni kutumia glukosi kulinganisha manani. Manosi haitoi rangi sawa na glukosi katika nanomita 490, kwa hiyo manani ilinganishwe na manosi.

Unapotaka kujua ni sukari zipi zimo, lazima uvunje mnyororo kwa asidi, na hapo mwinuko wetu unarudi. Maji ya Mwanza huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Maelekezo yakisema saa mbili katika maji yanayochemka, mwandishi alikusudia nyuzi 100, na kwa nyuzi nne pungufu kasi ya kuvunja yaweza kupungua kwa karibu theluthi moja. Matokeo yake ni madoa ya vipande visivyovunjika kwenye kromatografia, ambayo mtu huyaandika kama sukari ngeni. Tumia kipasha-mirija kavu chenye kidhibiti joto, mirija ikiwa imefungwa barabara kwa vifuniko vinavyostahimili asidi, au ongeza muda na uthibitishe kwa kuvunja maltosi ya ulinganisho kando yake. Kipimo cha asidi ya dinitrosalisiliki, nacho cha sukari, hakidhuriki sana na mwinuko, mradi sampuli na ulinganisho vichemke katika sufuria moja kwa wakati mmoja.

Mchoro wa infraredi unaonyesha protini ambayo kipimo cha protini cha Bradford hakiioni

Huenda ni maji. Unyevu wa kando ya ziwa, hasa miezi ya masika, huingia katika unga wa pululani na katika bromidi ya potasiamu inayochanganywa nao kwa kipimo hiki, kwa dakika chache, na maji hutoa mkanda karibu na 1,640 kwa sentimita, jirani kabisa na mkanda wa protini wa 1,650. Protini ina mkanda wa pili karibu na 1,540 ambao maji hayana. Usipouona, kausha upya na urudie. Ukiuona, ondoa protini kwa kutikisa na mchanganyiko wa klorofomu na butanoli, sehemu nne kwa moja, chini ya kabati la kufyonzea hewa, ukijua kila mzunguko unakula sehemu ya mazao.

Mkanda wa 850 huashiria viungo vya alfa, ule wa karibu na 930 viungo vya alfa-1,6, na ule wa 755 viungo vya alfa-1,4. Mkanda wa 890 ni wa beta, na ukitokea katika kile unachokiita pululani, rudi kutafuta vipande vya kuta za seli.

Mazao ni yaleyale lakini mnato umeshuka

Hii ni dalili ya kuchelewa kuvuna. Hamira ikimaliza sukari hutoa amilasi, na kwa kuwa pululani ina vipande vichache vya maltotetraosi, yaani glukosi nne, ndani ya mnyororo wake, alfa-amilasi hupata mahali pa kukata. Uzito wa unga haubadiliki sana. Urefu wa minyororo ndio unaopungua. Asiye na kromatografia ya kuchuja kwa ukubwa anaweza kuyeyusha asilimia 1 ya unga na kupima muda wa kushuka katika viskomita ya Ostwald kwa joto moja lisilobadilika, kwa sampuli za siku ya nne, ya tano, ya sita na ya saba. Siku ambayo muda unaanza kupungua, ulipaswa kuwa umevuna jana yake. Sampuli zinazopelekwa mbali kupimwa ziende zikiwa unga mkavu ndani ya mfuko wenye silika. Zilizosafiri zikiwa zimeyeyuka hufika zikiwa fupi zaidi.

Glukani ya hamira ya mkate haifikii hesabu

Kwa wanaochukua hamira ya dukani na kuitoa beta-glukani kwa soda kali ya moto, nitaenda haraka. Hamira kavu ya papo kwa papo huwa na kemikali ya kuchanganya mafuta na maji, sorbitani monostearati, inayobaki na unga usipouosha kwa ethanoli. Seli huwa na glikojeni, ambayo nayo ni glukosi na itahesabiwa kama glukani. Ayodini huionyesha kwa kahawia, na kimeng'enya cha amiloglukosidasi huiondoa. Glukosi ikitoka pungufu, sababu ya kawaida ni kwamba glukani isiyoyeyuka haivunjiki yote kwa asidi hafifu: ilowekwe kwanza katika asidi ya salfuriki ya asilimia 72 katika nyuzi 30, kisha izimuliwe na kuchemshwa.

Hamira ya mwituni ina kifuko kinene na inakua vizuri nyuzi 37

Wengi siku hizi hutafuta hamira mpya kwenye majani, maua, maembe na mananasi, na kundi la seli linalong'aa na kuteleza kwenye sahani huonekana kama bahati. Aureobasidium hukua kwa shida katika nyuzi 37. Cryptococcus neoformans hukua vizuri katika joto hilo, hupatikana kwenye vinyesi vya njiwa, na kifuko chake cha glukuronoksilomanani ndicho kinachoiwezesha kukwepa kinga ya mwili na kusababisha homa ya uti wa mgongo, hasa kwa watu wenye VVU. Kabla ya kuikuza kwa lita, ipande katika nyuzi 37, itazame kwa wino mweusi chini ya hadubini uone kama ina kifuko, na upime kama inavunja urea. Majibu yote matatu yakiwa ndiyo, usiifungue tena juu ya meza. Ifunge sahani kwa utepe, iwekwe alama, ikabidhiwe kwa maabara ya hospitali yenye kabati la usalama wa kibiolojia, na kila kilichoigusa kiingie katika otoklevu kwa dakika 25, si 15.